Jaji wa Nani?

Mwezi wa Machi 2025 sanduku langu la barua hapa Milwaukee lilijaa hadi tarishi akawa anayakunja makaratasi kwa nguvu ili yaingie. Jioni nikifungua runinga nakuta uso wa mwanamke yule yule na mwanamume yule yule. Tangazo moja lasema mwanamke ni hatari kwa watoto wetu, linalofuata lasema hatari ni mwanamume. Wote wawili walikuwa wanasheria wazoefu, Susan Crawford na Brad Schimel, nao waligombea kiti kimoja cha jaji katika Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin.

Niliyapiga picha makaratasi yale nikamtumia mjomba wangu kwa WhatsApp. Mjomba alikuwa karani wa korti Mombasa kwa miaka mingi, na hata leo akimtaja jaji hupunguza sauti. Alinipigia simu papo hapo.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tuitanavyo, "huyu ni jaji au ni mheshimiwa wa bunge?"

Nikamwambia ni jaji. Akakaa kimya kidogo. "Haya. Na hawa waliomlipia matangazo, hawatakuja kortini kwake siku moja?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku ile swali lake halijaniacha.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda huku. Wisconsin ina majaji saba katika korti yake ya juu kabisa. Kila mmoja huchaguliwa na wapiga kura, akakaa miaka kumi. Uchaguzi wenyewe hufanyika Aprili, mbali na ule wa Novemba wa wanasiasa, na kisheria si wa vyama. Lakini vyama ndivyo vinavyouendesha. Mwaka 2023 kinyang'anyiro cha kiti kimoja kilimeza zaidi ya dola milioni 50. Ule wa 2025 ulipita milioni 90, na hakuna uchaguzi wa jaji uliowahi kula fedha kiasi hicho Marekani. Elon Musk na makundi yake walimwaga zaidi ya milioni 20 kwa ajili ya Schimel. Siku mbili kabla ya kura alifika mjini Green Bay akawakabidhi wapiga kura wawili hundi za dola milioni moja moja. Januari mwaka huo huo kampuni yake ya Tesla ilikuwa imefungua kesi dhidi ya jimbo hili hili. Na upande wa Crawford nao ulikuwa na mabilionea wake, waliochangia kupitia chama cha Democratic. Crawford akashinda kwa tofauti ya takriban asilimia kumi.

Baadaye nikasoma kanuni ya korti hii inayosema kwamba mchango wa kampeni peke yake haumlazimishi jaji kujiondoa katika kesi. Mjomba alikuwa ameuliza swali ambalo watu wa huku walishaliuliza, na majaji wenyewe ndio waliopitisha jibu.

Nisingependa msomaji adhani kila jaji hapa ni mtumwa wa waliomchangia. Desemba 2020 Donald Trump aliiomba korti hii ifute maelfu ya kura za kaunti za Milwaukee na Dane, zilizompigia Joe Biden kwa wingi. Majaji wanne kati ya saba walikuwa wameingia kwa nguvu za upande wa Republican. Mmoja wao, Brian Hagedorn, aliyeshinda mwaka 2019 kwa takriban kura 6,000 tu, aliungana na wale watatu wa upande wa pili, ombi likatupwa kwa 4 dhidi ya 3. Yeye ndiye aliyeiandika hukumu. Waliompigia debe wakamwita msaliti. Neno hilo nimelitafakari sana. Hakuna anayeweza kukusaliti ila yule uliyeamini kuwa ni wako, na watu wale waliamini wamejinunulia jaji.

Miaka mitatu baadaye shinikizo likageuka upande. Janet Protasiewicz, aliyeshinda 2023 kwa msaada wa karibu dola milioni 10 kutoka chama cha Democratic, alikuwa amesema wazi katika kampeni kwamba ramani za maeneo ya uwakilishi zimechakachuliwa. Kesi ya ramani hizo ilipofika kortini, Robin Vos, spika wa bunge la jimbo, alitishia kumng'oa asipojiondoa. Hakujiondoa, wala hakung'olewa. Desemba 2023 ramani zikabatilishwa, 4 kwa 3. Mimi naamini ramani zile zilikuwa za dhuluma kweli. Lakini jirani yangu, mzee mtaratibu anayenisaidia kusukuma theluji mlangoni, aliniambia hiyo haikuwa hukumu, yalikuwa matokeo ya uchaguzi wa Aprili yakitangazwa kwa mara ya pili. Nilitaka kumbishia, ila sikuona pa kumshika. Hata mimi nilikuwa nimehesabu wanne wetu kabla kesi haijasikizwa.

Nikasema "wetu". Neno hilo lilinirudisha nyumbani, na nyumbani kuna kumbukumbu nzito.

Desemba 2007, Raila Odinga alipokataa matokeo ya urais wa Kenya, aliambiwa aende kortini. Upande wake ukakataa, kwa hoja kwamba haki haiwezi kutoka kwa majaji walioteuliwa na rais yule yule anayeshtakiwa. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Sisemi korti ndiyo iliyoua. Nasema watu walipotafuta mlango wa kupelekea hasira yao, mlango ule waliuona ni wa mwenye nyumba.

Katiba ya 2010 ilikuja na dawa ya jeraha hilo. Jaji Kenya leo huomba kazi, akahojiwa hadharani na Tume ya Huduma ya Mahakama, ambamo majaji na mawakili huwachagua wawakilishi wao wenyewe. Mahojiano ya wanaotaka kuwa Jaji Mkuu huonyeshwa runingani. Niliyafuatilia yale ya mwaka 2021 yaliyompata Martha Koome, siku baada ya siku, chai yangu ikipoa mezani. Mtu anaulizwa kuhusu hukumu alizoandika zamani, mali yake, hasira zake. Hakuna anayemnunulia tangazo. Na matokeo yalionekana: Raila yule yule aliyeikwepa korti 2007 aliiendea mwaka 2013, akarudi 2017, akarudi tena 2022.

Septemba 1, 2017 nilikuwa macho huku saa tisa usiku, Nairobi ikiwa kwenye saa tano asubuhi, Jaji Mkuu David Maraga aliposoma kwamba uchaguzi wa rais umefutwa. Majaji wanne walikubali, wawili wakapinga. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika korti kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Nililia, na sikuwa hata nimempigia kura mtu yeyote.

Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wale "wakora", na kesho yake akaahidi kuirudia mahakama uchaguzi ukishapita. Ahadi hiyo ilikuja kwa njia za kimya. Mwaka 2019 Maraga alisimama mbele ya kamera akalalamika kwamba bajeti ya mahakama imekatwa hadi kazi inakwama. Mwaka huo huo Tume ilipeleka majina 41 ya majaji wa kuteuliwa au kupandishwa daraja, na rais hakuyatia sahihi. Mahakama Kuu ikasema hana mamlaka ya kuyakataa, bado hakutia. Mei 13, 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliuangusha mpango wake wa kubadilisha katiba, ulioitwa BBI. Wiki tatu baadaye, mmoja wa wale 41 akiwa ameshafariki, rais akawateua 34 na kuwaacha sita, miongoni mwao George Odunga na Joel Ngugi, wawili kati ya watano wale. Ikasemwa kuna taarifa zinazowatia doa. Sisi wananchi hatukuonyeshwa.

Rais mpya, William Ruto, aliwaapisha sita hao Septemba 14, 2022, siku moja tu baada ya kuapishwa mwenyewe. Nilifurahi mno, nikamwandikia mjomba. Alinijibu kwa maneno matatu: "Ngoja korti imguse." Januari 2024, ada ya nyumba na mipango yake mingine ilipokwama kortini, Ruto akawashutumu majaji kuwa wala rushwa bila kumtaja hata mmoja, akasema hatavumilia. Mawakili wakaingia barabarani.

Kwa hiyo nikilinganisha, kwetu jaji huingia msafi kiasi, kisha vita humfuata ndani: kiapo kinacheleweshwa, fedha zinakatwa, jina linapakwa matope jukwaani. Wisconsin vita hupiganwa mlangoni, na anayeingia ameshavaa rangi. Pigo la kwetu humuumiza jaji. La huku linamuumiza anayeshindwa kesi, kwa sababu ana haki ya kushuku hata anapohukumiwa sawasawa, na hakuna hukumu itakayomtoa shaka hiyo. Ndiyo maana nikisikia mwanasiasa wa kwetu akidai majaji wasichaguliwe na "watu wachache wa Tume", nataka nimshike mkono nimlete hapa mwezi wa Machi, nimfungulie sanduku langu la barua.

Kabla ya kura ile ya Aprili niliifungua mtandaoni karatasi ya mfano ya kupigia kura, nayo nikampelekea mjomba. Majina mawili, na duara moja mbele ya kila jina. Chama hakikuandikwa popote. Aliitazama muda mrefu, kwa jicho lake la ukarani nadhani, kisha akaniandikia:

"Kumbe hata wao, walipoanza, hawakutaka chama kiingie humu."