Farasi Wawili Kutoka Molo



Sisi watu wa pwani tunamjua punda. Tumekua naye vichochoroni, amebeba mawe, mchanga na maji, na hapana mtoto wa Lamu asiyejua kumpanda. Farasi ni habari nyingine. Yeye tunamjua zaidi kwa jina: katika sura ya 100 ya Qur'ani, Al-Adiyat, ambayo Mola anaifungua kwa kuwaapia farasi waendao mbio, na katika hadithi za masultani wa Unguja, ambao farasi wao waliletwa kwa majahazi kutoka Arabuni. Bara ilikuwa shida kumpeleka, kwa kuwa mbung'o walimuua njiani. Ndiyo sababu misafara ya zamani ilitegemea mabega ya wapagazi. Hata reli ilipofika Nakuru, mwanzoni mwa karne iliyopita, farasi waliteremshwa melini Mombasa, wakapandishwa kwenye mabehewa, wakalipita pori la Tsavo wakiwa wamefungiwa ndani.

Mwezi wa Julai 2023 mimi nilisafiri na farasi wawili kwa njia hiyo hiyo, ila kwa kuigeuza: kutoka nyanda za juu za Molo kurudi baharini. Nilikwenda kumtazama kaka yangu. Amekaa Bonde la Ufa kwa zaidi ya miaka 30, na kazi yake ni usaisi.

Neno saisi ni letu, tumelipata kwa Waarabu kama tulivyolipata neno farasi. Vivyo hivyo hatamu na lijamu. Nilistaajabu kuyasikia yakisemwa kwenye zizi la mbao, katikati ya mashamba ya viazi na pareto, na vijana wa Kikuyu na Kikalenjin ambao hawajapata kuiona bahari. Maneno ya pwani yamepanda mlima, yakakaa huko, na sisi wenyewe karibu tumeyasahau.

Lakini lazima niseme ukweli. Nyumbani kwetu kazi ya kaka haikuwa ikitajwa kwa furaha. Alianza katika zizi la farasi wa mashindano, wale wanaopelekwa Nairobi kukimbia, na mashindano hayo watu huyawekea fedha. Marehemu mama aliposikia hivyo, alikataa kuila senti yake. Fedha alizotuma zilirudishwa mara mbili, na mara ya tatu hakutuma. Mama alifariki bila kufika Nakuru. Mimi nilikuwa wa kwanza katika nyumba yetu kwenda.

Nilifikia kwa jamaa zetu mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, ambako Waislamu wameishi kwa vizazi na adhana husikika vizuri asubuhi. Mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, uko kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na mimi niliona hiyo ni baridi ya kutosha. Kaka akacheka. "Ngoja ufike Molo, dada yangu." Molo iko juu zaidi, kiasi cha mita 2,500. Asubuhi ya Julai huko nyasi huwa nyeupe kwa umande, na mtu akinena, pumzi yake huonekana kama moshi wa chetezo. Nilitawadha kwa maji niliyodhani yatanikata vidole.

Farasi tuliowafuata walikuwa wawili: jike mzee mwenye rangi ya kahawa, aliyekwisha kustaafu mbio, na dume mmoja aliyehasiwa, mpole, mwenye doa jeupe kipajini. Tajiri mmoja wa Kilifi alikuwa amewanunua ili watoto wake wajifunze kupanda. Julai ilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa ndio wakati pwani ina upepo wa kusi na joto limepungua, na mnyama aliyezaliwa kwenye ubaridi hapati mshtuko mkubwa. Kabla ya hapo walikuwa wamechanjwa dhidi ya ndwele ya farasi inayoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu. Ndwele hiyo huwaua farasi wengi, ilhali punda na pundamilia wa nchi hii huibeba na mara nyingi wasionyeshe dalili.

Kuwapakia kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kaka hakumvuta mnyama wala hakumpiga. Alisimama naye mbele ya ngazi ya lori, akamwacha anuse mbao, akamwacha arudi nyuma, kisha wakapanda pamoja. Miguu yao ilifungwa vitambaa vinene visije vikachubuka. Sakafuni palimwagwa maranda ya mbao, na nyavu zilizojaa nyasi kavu zikaning'inizwa. Kijana wa shamba alikuwa amemfunika yule jike mablanketi mawili, kwa huruma. Kaka alikuwa upande wa pili akikaza kamba, hakuliona lile la chini. Tulisoma dua ya safari, na kulipopambazuka tukaondoka.

Dereva alikuwa mzee mtulivu wa Elburgon. Hakutaka kupita Mau Summit na Salgaa. Siku chache kabla yake, tarehe 30 Juni, lori lilikuwa limepoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani, likawakumba wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Kila mtu katika nchi ile alikuwa akilisema jambo hilo kwa sauti ya chini. Kwa hiyo tulishika njia ya Elburgon na Njoro, iliyopita katikati ya misonobari na ukungu. "Mama," aliniambia dereva, "mzigo wa mahindi hauna miguu. Huu una miguu minane, na kila nikikanyaga breki, yote minane inatafuta pa kusimama." Kila kona aliikata polepole, kama mtu aliyebeba sinia la chai.

Njoro ina historia yake ya farasi. Hapo Lord Delamere alianza kilimo mwanzoni mwa karne ya 20, na mifugo yake mingi ikafa kwa maradhi na kwa upungufu wa madini ardhini. Hapo pia alilelewa Beryl Markham, binti wa mfuga farasi, aliyepata leseni ya kuwafunza farasi wa mbio akiwa bado msichana, na mwaka 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuelekea Marekani. Vitabu humtaja yeye na baba yake. Masaisi walioamka alfajiri kuwachotea farasi hao maji hawatajwi majina.

Tulipoupita mji wa Nakuru, jua lilikuwa limetoka. Upande wa kulia ziwa lilimeta, pana kuliko lilivyo kwenye picha za zamani, kwani maji yake yamepanda sana miaka ya karibuni na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mbele likaja Ziwa Elementaita na vilima vyake. Ni nchi nzuri, Subhanallah. Mtu wa pwani aliyezoea upeo ulionyooka wa bahari huona ajabu nchi iliyopasuka katikati, kuta zake zikisimama pande zote mbili.

Karibu na Gilgil tulisimama. Kaka alipanda nyuma, na aliposhuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Jike alikuwa ametota jasho chini ya yale mablanketi, na upepo wa baridi ulikuwa ukimpiga kupitia dirishani. Nilidhani baridi ndiyo adui. Kaka akanieleza kwamba farasi ana manyoya na mwili mkubwa unaotoa joto jingi. Baridi kavu haimsumbui. Kinachomdhuru ni jasho lililopoa mwilini, na hewa nzito yenye harufu ya mkojo ndani ya lori lililofungwa kote. Aliyatoa mablanketi yote mawili, akamsugua kwa gunia kavu mpaka mikono ikamtetemeka, kisha akamfunika moja jepesi na kufungua matundu ya juu ili hewa ipite bila kumpiga. Alimpa maji kutoka madumu tuliyojaza Molo, kwa sababu farasi akiwa safarini huyakataa maji yenye ladha ngeni. Alikunywa kidogo tu.

Naivasha tulipita salama, tukateremka Mai Mahiu, tukaanza kuupanda ule mlima unaopita kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942. Huko juu ukungu ulitanda hata taa za gari la mbele hazikuonekana. Lori moja lilikuwa limekwama kwenye kona, na msururu ukasimama. Tulikaa hapo zaidi ya saa tatu.

Kaka hakukaa mbele nasi hata robo saa. Alikuwa nyuma, amewalegezea kamba ili wainamishe vichwa. Hili nalo sikulijua: farasi aliyefungwa kichwa juu kwa muda mrefu hawezi kutoa uchafu unaoingia kwenye koo lake, na uchafu ule hushuka mapafuni ukaleta homa ya safari, inayoweza kumuua. Nilipomfuata na chupa ya chai, nilimkuta amesimama katikati yao, mgongo ameuegemeza ubaoni, jike ameteremsha kichwa mpaka magotini pake. Alikuwa akikohoa. Kipimajoto kilionyesha digrii 39, naye aliniambia kawaida yake huwa kiasi cha 38.

Simu ikalia. Alikuwa tajiri wa Kilifi, akitaka kujua kama farasi watalala Nairobi usiku mmoja tu, kama ilivyoagizwa, maana alikuwa amealika wageni. Kaka alimjibu kwa adabu kwamba jike ana homa na atapumzika Nairobi mpaka daktari wa mifugo aseme yuko tayari. Sauti ya upande wa pili ilipanda. Nilisikia neno "malipo." Kaka akasema, "Bwana mkubwa, kata utakachokata. Wewe na mimi tuna simu, tunaweza kulalamika. Huyu hana." Kisha akaitia simu mfukoni, akaendelea kumpapasa mnyama singa.

Ndipo nilipomuuliza lile nililolibeba kutoka nyumbani: kwa nini hakuiacha kazi ile, mama alipomwomba?

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Niliiacha kazi ya mbio, dada. Mwaka 2009. Nilikuwa nimewauliza masheikh wawili. Wakaniambia kuwatunza farasi si haramu, na kuwashindanisha si haramu. Mtume (SAW) mwenyewe aliwashindanisha farasi Madina. Haramu ni kamari. Nikaona mshahara wangu unatoka kwenye kamari, nikaondoka. Nilifanya vibarua vya viazi miezi 8 kabla ya kupata shamba lisilopeleka farasi mbioni."

"Mbona hukutuambia?"

"Fedha zangu zilirudi mara mbili. Nikasema, hata maneno yatarudi."

Wasomaji wangu, sikuwa na jibu. Nilisimama ndani ya lori, katika ukungu wa nchi nisiyoijua, harufu ya farasi na nyasi imenijaa, nikamkumbuka mama akilikunja lile karatasi la hawala na kumkabidhi mtoto alirudishe. Mama alichunga halali, na alikuwa na haki kuichunga. Sisi tuliobaki, je? Miaka 14 hakuna aliyenyanyua simu kumuuliza ndugu yake kama bado yuko pale pale tulipomwacha.

Nairobi tulifika magharibi ikiingia. Daktari alimtibu jike, akaamuru apumzike. Siku tatu kaka alilala kwenye banda jirani naye, akimtembeza asubuhi na jioni. Siku ya nne homa ilikuwa imeshuka, akala nyavu nzima ya nyasi. Tuliondoka alfajiri. Njia ya Mombasa sitaieleza sana, kwani mnaijua: vumbi la Mtito Andei, tembo wekundu wa Tsavo, na ile harufu ya chumvi inayomkuta mtu Mariakani kabla hajaiona bahari. Tulisimama kila baada ya saa nne kuwanywesha na kuwapumzisha. Kilifi waliteremka kwa miguu yao, masikio yamesimama, wakisikiliza minazi.

Tajiri alikata sehemu ya malipo. Kaka alizihesabu zilizobaki, akasema Alhamdulillah, na hakulizungumza tena.

Tumesomeshwa tangu utotoni kisa cha ngamia aliyetokwa machozi mbele ya Mtume (SAW), naye akamwita mwenyewe na kumkemea amche Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa alikuwa akimshindisha njaa na kumchosha. Kisa hiki nilikuwa nikiwahadithia wanangu kama habari ya zamani. Sasa nikiwahadithia, huwaongezea habari ya mjomba wao na jike wa Molo.

Kabla hajarudi Bonde la Ufa, kaka alilala nyumbani kwetu usiku mmoja, wa kwanza baada ya miaka mingi. Asubuhi tulikwenda pamoja kulizuru kaburi la mama. Alipokuwa akiondoka, alinipa bahasha, akaniangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayengoja irudishwe. Niliipokea kwa mikono miwili. Siku ile ile nilinunua mchele na nyama, nikapika, nikawaita watoto wote wa nyumba yetu wale chakula cha mjomba wao.