Sikio Halina Duka

Zamani nilipopiga santuri harusini nilivaa visikizio vya kuziba masikio, lakini kimoja nilikitoa ili niwasikie wachezaji. Sikio lililo wazi likajaa kishindo cha vipaza sauti, nami nikazidisha sauti katika lile jingine. Leo hilo hulia usiku kucha kama nyenje, na mwanafunzi wa dawati la nyuma simsikii vema.

Wewe vaa vyote viwili, vizibe barabara, kisha punguza sauti. Wataalamu hushauri desibeli 85 zisipite muda wa saa 8. Kila zizidipo 3, muda hupungua nusu. Zikifika 100, dakika 15 tu. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Santuri ikivunjika hununuliwa nyingine. Sikio halina duka.