Maji Kwanza: Safari ya Xochimilco

Treni ndogo ya umeme kutoka Tasqueña huishia Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico. Niliteremka hapo asubuhi, nikachukua teksi hadi gati la Cuemanco. Nilikuwa nimekata shauri kufuga aksolotli, salamanda wa majini, lakini sikutaka kumtia kiumbe ndani ya kioo kabla ya kuyaona maji yaliyomzaa.

Maji hayo ni mifereji iliyosalia ya ziwa la kale, ikipita kati ya chinampa, vishamba vilivyoinuliwa kwa tope na majani na kushikiliwa na mizizi ya miti. Mwenye mashua alipiga pondo taratibu. Nilitia mkono majini: baridi, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Jiji hili liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Aksolotli hustawi maji yakiwa nyuzi 16 hadi 18, na yakipita 24 huteseka. Anayeishi mji wa joto ahesabu bei ya mashine ya kupoza maji kabla ya bei ya mnyama.

Mkulima mmoja alitukaribisha tuone aksolotli wake ndani ya tangi kivulini. Walikuwa na rangi ya tope, matamvua matatu yakipepea kila upande wa kichwa. Alipodondosha nyungunyungu, mmoja wao alifumbua kinywa ghafla, maji na chakula vikaingia pamoja. Ndiyo maana changarawe haifai tangini: huimeza, ikamziba utumbo. Mchanga laini au sakafu tupu ni salama zaidi.

Mferejini hatukumwona hata mmoja. Mwaka 1998 watafiti walikadiria 6,000 kwa kilomita ya mraba. Mwaka 2014 walibaki 36. Maji yamechafuka, na perege, samaki wa kwetu Afrika, waliletwa huku ili watu wapate kitoweo, wakawala mayai na watoto wa aksolotli. Liliniuma sana hilo.

“Bwana, anayeanza aanze na nini?” nilimuuliza mkulima.

“Na maji.”

Tangi liwashwe chujio likiwa halina mnyama, likilishwa amonia kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa, hadi bakteria waweze kuigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, ndipo aksolotli aingie, na awe amezaliwa kwa wafugaji, kamwe si wa kuvuliwa.

Jioni, mjini, nilinunua kipimajoto na vipimo vya amonia.