Tangawizi ya Soko la Burma

Msomaji kijana, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa Barabara ya Jogoo ukielekea mashariki, hutakwenda mbali kabla hujafika Soko la Burma, jirani na mitaa ya Shauri Moyo na Kaloleni. Wengi huliendea kwa ajili ya nyama, na sifa yake kwa nyama imeenea mji mzima. Lakini pembeni mwa mabucha wako pia wauzao nyanya, vitunguu, dhania, na kitu kimoja kilichokunjamana kama vidole vya mkono wa mzee. Kitu hicho ni tangawizi, nacho ndicho ninachotaka kukuzungumzia. Huenda ukaniuliza, tangawizi ina nini hata iandikiwe insha? Nakujibu kwamba ilinifundisha somo ambalo nusu yake niliielewa nilipokuwa na umri kama wako, na nusu ya pili niliielewa nilipokuwa nimekwisha chelewa.

Mwaka 1974 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikikaa kwa babu yangu katika mtaa wa Kaloleni. Jumamosi moja alinipa thumuni niende Burma nikanunue tangawizi ya chai. Mama aliyekuwa akiuza alinichagulia vipande viwili, akaniambia, "Hiki chenye macho usikitie chaini, mwanangu. Kifukie." Nilitoboa matundu chini ya debe kuukuu, nikalijaza udongo na samadi, nikakifukia kipande kile kina cha vidole viwili. Baada ya majuma kadhaa lilitokeza chipukizi lenye ncha kali, likafuatwa na mengine, na majani yake yakawa marefu na membamba. Kila jioni nilimwagilia maji, na rafiki zangu walipokuja nilihakikisha kwamba wameliona debe langu kabla hawajaketi.

Ilipotimia miezi tisa hivi, majani yakaanza kugeuka rangi. Nikazidisha maji. Yakazidi kunyauka, mpaka yote yakalala ukingoni mwa debe kama mabua. Niliona haya kwa kuwa nilijisifu mno. Asubuhi moja nililibeba debe nikalimwaga jaani, wala sikugeuka kutazama nilichokimwaga.

Babu alikuwa barazani akiniona. Hakunigombeza. Aliinuka, akaenda jaani akichechemea kama ilivyokuwa desturi yake, akauchambua ule udongo kwa vidole. Aliporudi alikuwa na donge la tangawizi lililozidi mara nne kile kipande nilichokifukia. Alilikwangua ganda kwa kijiko, akakata kipande, akakiponda, akakitia katika birika. Tulipokuwa tukinywa chai aliniambia, "Mjukuu wangu, umeitupa siku ya mavuno." Kisha akatazama mbali, akasema, "Kule Burma kuna miti hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi. Tulidhani imekufa, kumbe inangoja mvua."

Nilitaka kumuuliza zaidi. Lakini vijana wenzangu walikuwa wakipiga mbinja nje, wakiningoja twende tukacheze mpira. Nikameza chai yangu ikingali moto, nikatoka mbio.

Tuuache mpira tuitazame ile tangawizi, maana kosa langu la kwanza lilikuwa kosa la elimu ya mimea. Wengi huiita tangawizi mzizi. Si mzizi, ni shina lilalalo chini ya udongo. Ukitaka ushahidi, chukua kipande ukikague: utaona vifundo, utaona alama za magamba, na utaona macho yanayoweza kuchipua. Mzizi wa kawaida hauna vifundo wala magamba. Kwa upande mwingine, kile tukionacho juu na kukidhania kuwa shina si shina la kweli, bali ni kumbatio la chini ya majani, moja ndani ya jingine, kama lilivyo gogo la mgomba. Basi mimi nilihukumu mmea kwa majani yake, na mwili wa mmea wenyewe umo ardhini. Chakula kilichotengenezwa na majani kilikuwa kimekwisha teremshwa na kuwekwa akiba. Majani yalikuwa yamemaliza kazi yao. Mkulima wa tangawizi ayaonapo yakikauka huliandaa jembe lake.

Tangawizi tulimayo ni nadra sana kuzaa mbegu. Huzalishwa kwa kukatwa vipande na kufukiwa. Kwa hiyo kipande ununuacho leo kilikatwa katika kipande, na hicho katika kingine, nyuma kwa nyuma hata Asia, kulikovuka bahari tangawizi za kwanza katika vyombo vya wafanya biashara. Jamaa zake ni wengi, zaidi ya aina 1,000. Manjano ni nduguye. Iliki ni nduguye pia, mzaliwa wa milima ya kusini mwa Bara Hindi, ambayo imelimwa hata katika milima ya Usambara, Tanzania, chini ya vivuli vya miti mikubwa. Hata misitu yetu ina ndugu zake wa mwitu, wa kundi liitwalo Aframomum, wenye mbegu za harufu kali. Na katika msitu wa Kibale, Uganda, sokwe huwala.

Jamaa hawa kwa kawaida hupenda joto na unyevu. Lakini liko kundi moja lililopanda milimani na kukubali baridi. Jina lake ni Roscoea. Makao yake ni milima ya Himalaya na milima ya China na nchi jirani, na baadhi yake huota mahali palipo juu zaidi ya mita 4,000, kimo ambacho katika Mlima Kenya msitu umekwisha achwa chini na mianzi imekwisha sahauliwa. Wakati wa baridi hutafuti mmea huu ukauona. Majani yote hufa, na shina lake fupi hukaa ardhini pamoja na mizizi minene iliyojaa akiba. Mvua za masika ya kule ziingiapo, hutokeza majani machache, na katikati yake ua la zambarau, au jeupe, au la manjano, zuri hata mtu asiyelijua hudhani ni la jamaa nyingine kabisa. Ua hilo lina kifuko kimoja tu cha chavua, nacho kina vichomozo viwili mbele yake. Mdudu aingizapo kichwa kutafuta asali huvisukuma, na kifuko kikainama na kumpaka chavua mgongoni. Naye huibeba mpaka ua jingine bila kujua kuwa ametumwa.

Jina la mmea huu lilitolewa mwaka 1806 kwa heshima ya William Roscoe wa Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima wa mboga za kuuza, na mwana mwenyewe alifanya kazi katika bustani ile. Alipokua alisaidia kuanzisha bustani ya mimea ya mji wake, akatumia miaka mingi kuichunguza jamaa ya tangawizi. Liverpool wakati huo ilitajirika kwa biashara ya watumwa wa Afrika. Roscoe alikuwa mbunge wa mji huo, na mwaka 1807 alipiga kura biashara hiyo ikomeshwe. Aliporudi nyumbani alipokewa kwa ghasia. Nimependa mmea huu kuwa na jina la mtu kama huyo.

Sasa turudi kwa jina la soko letu. Nairobi ni mji unaohifadhi vita vyake katika majina ya masoko. Kariakor lakumbusha kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Burma lakumbusha nchi ambayo tangu 1989 huitwa Myanmar, walikopelekwa askari wetu katika vita vya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, na mwezi wa Desemba ikafika mto Chindwin. Magharibi ya bonde hilo imesimama milima ya Chin. Na katika milima hiyo hiyo, mbele zaidi kusini, katika mlima uitwao Victoria, huota aina moja ya Roscoea ambayo wataalamu waliitambua na kuiandika mwaka 1982. Waliiita australis, yaani ya kusini.

Niliposoma habari hizi katika kitabu cha mimea nilikuwa mtu mzima, na kitabu kilinitoka mikononi. Babu yangu alikuwa miongoni mwa vijana wale. Kule kuchechemea kwake alikuja nako kutoka Burma. Miaka yote niliyokaa naye alilitaja jina hilo siku moja tu, siku ya tangawizi, nami nikakimbilia mpira. Kwa kuwa hakusimulia, niliamini kwamba hana la kusimulia. Alifariki mwaka 1981. Sijui alipita njia gani, ni nani aliyeanguka kando yake, wala aliahidiwa nini alipokwenda na alipewa nini aliporudi. Mara ya kwanza nilimwaga jaani debe la udongo, na babu akaniokolea kilichokuwamo. Mara ya pili hapakuwa na mtu wa kwenda kuchambua kwa vidole.

Msomaji wangu, huenda wazee wa Burma hatunao tena, lakini nyumbani kwako hapakosi mtu aliyenyamaza. Huenda ni nyanya yako, huenda ni jirani aketiye barazani peke yake. Usiupime ukimya wake kwa macho. Keti naye, muulize kwa adabu, nawe ungoje jibu hata likikawia; mpira utachezwa kesho.

Na Jumamosi ukipata nafasi, nenda Burma au soko lolote lililo karibu nawe, ununue tangawizi yenye macho. Ifukie kina cha vidole viwili. Majani yakikauka, usiimwage. Chimba taratibu, kisha umpelekee mzee wako kipande cha kwanza, mnywe chai pamoja.