Askari Asiyewajua Wenyeji

Binti yetu ana miaka tisa, na huu ni mwaka wa pili anaishi kwa sindano za insulini. Tangu agundulike kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, jamaa hutuuliza swali moja: "Mlikuwa mkimpa peremende nyingi?" Swali hilo humtia mama yake simanzi, naye anastahiki lijibiwe hadharani.

Miongoni mwa askari wa kinga ya mwili zimo seli T. Asili yao ni uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kazi ya tezi hiyo ilidhihirishwa na Jacques Miller, jijini London, mwaka 1961. Ni chuo cha askari. Humo seli changa hukuzwa kwa protini za kupeleka ishara, mojawapo ikiitwa intalukini-7, kisha hutahiniwa. Protini nyingine, Aire, huiwezesha tezi kutengeneza vielelezo vya viungo vya mbali, hata insulini ya kongosho, ili askari wawajue wenyeji. Anayevikamata vielelezo hivyo kwa nguvu huangamizwa, au hugeuzwa kuwa mlinzi wa amani. Wengi huingia, wanaofuzu ni wachache mno.

Hata hivyo, baadhi ya waasi hupenya. Hao huzuiwa na walinzi wa amani, ambao Shimon Sakaguchi aliwabainisha mwaka 1995, na ambao huishi kwa kutegemea ishara ya intalukini-2. Yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025. Ulinzi huo unaposhindwa, seli T huweza kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hayo ndiyo yaliyomfika binti yetu, peremende hazikuyaleta.

Wapo wanaotusihi tumpumzishe sindano, tujaribu mizizi. Twawashukuru kwa huruma yao, lakini hatutawafuata, kwani akiikosa insulini maisha yake yamo hatarini. Alhamdulillahi, kwa dawa hiyo anasoma na kucheza kama wenzake.

Ewe mzazi, ukimwona mtoto ana kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara na anakonda, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari.