Mwalimu wa Video Hakuoni

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Rehema,



Ile programu ya mazoezi ya video uliyoniuliza kama inakufaa nimeitazama yote, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Ni nzuri. Inaanza kwa kupasha mwili moto, inachanganya miguu, mgongo na tumbo, na siku za kupumzika zimo. Watakaokubeza kwamba mazoezi ya sebuleni ni mchezo, waache. Jane Fonda, mwigizaji wa Marekani, alitoa kanda yake ya kwanza ya mazoezi mwaka 1982, na wanawake wengi ambao wasingekanyaga gym wakapata pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, mbali na dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au shughuli ya namna hiyo. Nia yako naiunga mkono kwa moyo wote.

Ila yule binti wa kwenye video hakuoni. Hajui kwamba umejifungua miezi 4 iliyopita. Kazini kwangu, kwenye fiziotherapia, mgonjwa akikosea nilimwekea mkono kiunoni, naye akajirekebisha palepale. Wewe mkono huo huna, kwa hiyo itabidi ujikague mwenyewe.

Anza na tumbo, maana najua ndilo linalokunyima raha. Wakati wa ujauzito, misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena huachana katikati ili mtoto apate nafasi. Kwa wengi hurudi yenyewe taratibu, kwa wengine pengo hubaki. Jipime hivi: lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu. Weka vidole juu kidogo ya kitovu, ncha zikielekea miguuni, kisha inua kichwa kidogo tu. Utahisi kingo za misuli zikikaza kulia na kushoto mwa vidole. Rudia penye kitovu chenyewe, halafu chini yake. Pengo likizidi upana wa vidole 2, au tumbo likichongoka katikati unapoinuka, yale mazoezi ya kukata tumbo yaruke kwanza, ukamwone mtaalamu wa fiziotherapia. Ule mkaja aliokufunga bibi yako ulikushikilia vizuri siku za mwanzo, lakini kuirudishia misuli nguvu hauwezi.

Usihangaike na matuta ya tumbo unayoyaona kwenye picha. Nguvu ya kiwiliwili iko ndani zaidi: kiwambo cha kupumulia juu, misuli ya sakafu ya nyonga chini, msuli mpana unaozunguka tumbo kama mkanda, na ile midogo inayoushika uti wa mgongo. Yote huamshwa na pumzi. Toa pumzi kila unapoinua au kusukuma. Ukiizuia, presha hupanda na mzigo wote unasukumwa chini kwenye nyonga.

Na hapa nakuambia jambo ambalo wanawake wetu hulinyamazia. Ukiruka, mkojo ukakutoka hata matone, usikubali mtu akwambie ndivyo uzazi ulivyo. Lina dawa, na dawa yenyewe ni mazoezi. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuyahusu tangu mwaka 1948. Kaza misuli ile unayobania mkojo, hesabu hadi 5, legeza kwa hesabu hiyohiyo, ukirudia mara kadhaa kwa siku. Usiyafanye ukiwa chooni unakojoa. Kuruka kote kwenye video kuache mpaka hali hiyo ikome.

Video inakutaka ukae planki dakika nzima. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, aliyetumia miaka mingi kuupima mzigo unaobebwa na mgongo, hupendekeza vipindi vifupi vya sekunde 10, upumzike kidogo, urudie. Fuata huyo. Anza ukiwa umepiga magoti. Kiuno kikianza kubonyea, zoezi limekwisha, hata kama binti bado anahesabu. Egemeza simu ukutani ujirekodi ubavuni, kisha jitazame bila kujionea huruma.

Dumbeli usinunue bado. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina uzito wa kilo moja na nusu, yatosha kuanzia. Mkeka mtupu huteleza kwenye vigae, tandika kitu kisichoteleza chini yake. Na usijinyime chakula, unanyonyesha. Kukata tumbo hakuyeyushi mafuta ya tumboni peke yake, hata ufanye asubuhi na jioni.

Jipime kesho mtoto akilala, uniambie ni vidole vingapi na ni sehemu gani. Wiki ya pili ya programu usiianze kabla hatujazungumza. Nipigie usiku, baada ya Isha, nitakuwa nimekaa na simu.

Shangazi yako akupendaye