Neno moja kwa mbwa wa lupango

Wandugu wa Kakanda, na nyinyi jamaa mliokimbia makwenu mkapokewa katika malupango yetu, leo nazungumza juu ya mbwa.

Kwetu tunaishi familia mbili: sisi na jamaa waliohama kwa sababu ya vita. Watoto wao waliogopa kwenda kuchota maji, maana mbwa wetu Simba aliwarukia. Kila mtu alimpigia kelele kwa luga yake: Kiswahili, Kisanga, Kiluba, Kifaransa. Mbwa hakujua lipi ni sifa, lipi ni ukali.

Tukakubaliana neno moja: "Bravo!" Hatukuchukua "muzuri" wala "ndiyo", kwani hayo tunayasema tangu asubuhi mpaka usiku, na mbwa angeyasikia bila kupata kitu. Simba akikaa chini wakati mtoto anapita, mkubwa anasema "Bravo!" palepale, kisha anampa chakula. Neno linatangulia, chakula kinafuata. Ukichelewa, mbwa amekwisha kusimama, na wewe unamlipa kwa kusimama.

Najua bukari haitoshi hata kwa watu. Kipande kidogo kama punje ya hindi, au kichwa cha ndakala, kinatosha.

Njia hii inajulikana. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafundisha panya wakubwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akitambua harufu, mwalimu anabonyeza kifaa kidogo kinacholia "ta!", halafu anampa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Mlio ni ahadi, ndizi ni malipo. Ahadi isipotimizwa, mnyama anaacha kuisikiliza.

Sasa watoto wa jirani zetu wanapita na bidoni zao, na Simba anakaa. Hata hivyo, pasipo mkubwa tunamfunga kamba, na hakuna mtoto anayemlisha peke yake.

Mbwa msiyemjua msimkaribie. Akiuma mtu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, mwende kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Leo jioni, kaeni pamoja katika lupango, mchague neno lenu.